Gilgil: Mvua ikipita, malkia hutafuta nyumba

Matatu ya Nakuru ikishateremka ukingo wa Bonde la Ufa, abiria huona Mlima Longonot upande wa kushoto, kisha Naivasha, halafu barabara huanza kupanda tena taratibu hadi Gilgil. Wengi hawashuki hapo. Gilgil ni mji wa kupitia. Kuna mizani ya malori, kambi ya jeshi, makaburi ya askari wa vita vya dunia yaliyotunzwa vizuri kuliko bustani nyingi za mjini, na akina mama wanaouza viazi na karoti kando ya lami. Anayeshuka kwa kawaida ana lake: anakwenda Elementaita kuona ndege, au Kariandusi kuona mashoka ya mawe ya watu wa kale.

Lakini miaka hii kuna wageni wanaoshuka Gilgil kwa sababu nyingine, na hawatazami ndege. Wanatazama chini.

Nje ya mji, kwenye njia ya vumbi inayoelekea ziwani, mashamba madogo yamebanana na vichaka vya leleshwa. Majani ya leleshwa ni ya kijivu, na mvua ikinyesha harufu yake hujaa hewani kama dawa ya kuchua. Katika shamba moja la huko anaishi bibi kizee na mjukuu wake wa kiume, mwanafunzi wa gredi ya sita. Nyumba ni ya mabati, tangi la maji liko pembeni, na nyuma ya tangi kuna duara la ardhi tupu, pana kama mkeka wa watu watatu, lisiloota hata jani. Katikati pana mashimo. Pembeni pana maganda makavu ya mbegu za nyasi, yamerundikwa kama pumba nje ya posho mill.

Hapo ndipo wanapoishi chungu wavunaji. Ni wakubwa, wekundu mbele na weusi nyuma, na baadhi yao wana vichwa vikubwa kupita kiasi. Wataalamu huwaita Messor cephalotes. Kila siku wanatoka kwa mistari, wanaingia nyasini, na kurudi kila mmoja na mbegu yake mdomoni. Chini ya ardhi wana maghala. Mbegu huvuliwa maganda, hutafunwa na kuwa unga laini wa kulisha watoto, na maganda hutupwa nje.

Shosho hakuwahi kuwapenda. Kwa miaka mingi amewaona kama wezi wa mtama wa kuku wake, na amewamwagia majivu ya moto mara kadhaa. Waliudhika siku mbili, wakachimba mlango mwingine. Hatimaye akawaachia kile kipande cha ardhi, kama mtu anavyomwachia jirani mkorofi mpaka wa ua ili apate usingizi.

Mwisho wa Machi, mvua za masika zilipoanza, mjukuu alimletea chupa ya siagi ya njugu yenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari. Ndani mlikuwa na mdudu mkubwa mwekundu, amekimbia kimbia kwenye kioo hadi amechoka.

"Shosho, nimepata malkia."

"Malkia wa nini?"

"Wa chungu. Kuna kijana wa bodaboda ananunua. Nikipata watano, amesema napata pesa ya viatu."

Viatu vya shule vya mtoto huyo vilikuwa vimeshonwa mara mbili. Shosho alijua hivyo vizuri kuliko mtu yeyote. Alichukua chupa, akaiweka juu ya meza, akasema watatazama kwanza kama ni malkia kweli.

Hilo lilikuwa swali la maana kuliko alivyojua mwenyewe. Mvua ikinyesha Kenya, karibu kila kitu chenye mabawa hutoka, na watu huvipa jina moja. Wapo wanaosema mchwa, wapo wanaosema siafu, na kuna watoto wanaomwita kila mdudu mwenye mabawa kumbikumbi. Kumbe hao ni watu wa koo tofauti kabisa. Mchwa, na kumbikumbi ambao ni mchwa waliofikia umri wa kuoa na kuolewa, wako karibu na mende kuliko walivyo karibu na chungu. Kumbikumbi ana mabawa manne yanayolingana urefu, kiuno chake ni kinene, na papasi zake kichwani zimenyooka kama uzi wa shanga ndogo. Chungu ana kiuno chembamba mno, mithili ya kilichokazwa kwa kamba, papasi zake zimepinda kama kiwiko, na mabawa yake ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma.

Siafu nao ni habari nyingine. Dume la siafu ni yule mdudu mnene wa kahawia, mwenye umbo la soseji, anayeparamia taa usiku na kuangukia kwenye sufuria ya mboga. Malkia wa siafu hana mabawa maishani mwake, huwa na tumbo kubwa ajabu, na hatoki peke yake. Anayedhani ameokota malkia wa siafu barabarani karibu kila mara ameokota kitu kingine.

Mdudu wa kwenye chupa hakuwa na mabawa. Mjukuu alikuwa tayari kusikia kwamba ni mfanyakazi tu, kwa sababu kati ya chungu hawa wapo wafanyakazi wenye vichwa vikubwa wanaowadanganya watu wengi. Kichwa si alama ya umalkia. Alama iko mgongoni. Mfanyakazi, hata awe na kichwa kama punje ya hindi, kifua chake ni chembamba, kwa sababu hajawahi kuruka na hataruka. Malkia ana kifua kipana kilichotuna, maana ndani yake kuna misuli ya mabawa. Na mabawa yakishadondoka huacha makovu madogo ubavuni, mawili kila upande, yanayoonekana kwa kioo cha kukuzia au hata kwa jicho la mtoto. Tumbo lake pia ni kubwa na refu. Dume ana mabawa, lakini kichwa chake ni kidogo, mwili mwembamba, na baada ya kupandana hufa, kwa kawaida muda si mrefu.

Makovu yalikuwepo, mawili huku na mawili kule. Alikuwa malkia.

Makovu hayo yana maana nzito kuliko cheo. Malkia mwenye mabawa huenda bado hajapandana. Asiye na mabawa, anayekwenda kasi ardhini baada ya mvua, kwa kawaida amemaliza harusi yake. Ameruka siku moja tu maishani, amekutana na madume hewani au chini, na mbegu aliyopokea siku hiyo ameihifadhi tumboni mwake ataitumia hadi afe. Yai lililorutubishwa huwa jike: mfanyakazi, au malkia mpya. Lisilorutubishwa huwa dume. Kisha ameyang'oa mabawa yake mwenyewe. Hana haja nayo tena. Anachotafuta ni ardhi laini ya kuchimba kabla ndege, mjusi au jua halijampata, na walio wengi hawafiki.

Anayefika huchimba shimo, huingia, na huziba mlango nyuma yake. Hapo ndipo wazazi wengi wa binadamu wangeshindwa. Hali chakula. Hatoki. Ile misuli ya mabawa ambayo haina kazi tena inayeyushwa mwilini mwake, pamoja na mafuta yake, ikawa chakula chake na cha watoto wake wa kwanza. Hutaga mayai machache, huyalamba yasiote ukungu, hulisha mabuu. Huchukua wiki kadhaa, mara nyingi zaidi ya mwezi, kabla mtoto wa kwanza kusimama kwa miguu yake. Watoto hao wa kwanza huwa wadogo kuliko wote watakaofuata, kwa sababu wamelelewa na mama mwenye njaa. Hao wadogo ndio wanaofungua mlango na kuleta mbegu ya kwanza nyumbani.

Tangu hapo mama hufanya kazi moja tu, kutaga. Malkia wa chungu huishi miaka mingi. Kwa chungu mweusi wa bustani za Ulaya, malkia mmoja aliyefugwa aliishi zaidi ya miaka 28. Mzee wa namna hiyo akifa, kiota kilichokosa malkia mwingine hufuata taratibu, maana wafanyakazi huzeeka bila wa kuwarithi. Kwa hiyo anayemchukua malkia aliyetoka kuruka hajachukua mdudu mmoja. Amechukua kijiji ambacho hakijajengwa.

Na huko ng'ambo kijiji hicho kina bei.

Ulaya, Asia na Marekani wapo watu wengi wanaofuga chungu ndani ya nyumba, katika masanduku ya kioo yenye njia na vyumba, kama wengine wanavyofuga samaki. Si watu wabaya kwa ujumla. Wengi ni vijana wenye subira kubwa, wanaoweza kukaa saa mbili wakitazama mbegu ikisafirishwa. Tatizo ni kwamba chungu mvunaji wa Afrika Mashariki ni mkubwa, ana rangi nzuri, na ni rahisi kumwona akifanya kazi. Malkia wake mmoja ametangazwa Uingereza kwa bei ya hadi pauni 170.

Tarehe 5 Aprili 2025, vijana wawili wa Ubelgiji, wote wenye umri wa miaka 19 wakati wa kesi, walikamatwa katika nyumba ya wageni Naivasha, mwendo mfupi kutoka Gilgil. Walikuwa na malkia wapatao 5,000. Kila vichupa vyembamba, zaidi ya 2,200 kwa jumla, vilikuwa vimezibwa kwa pamba ili wadudu waishi hata miezi miwili safarini. Raia wa Vietnam na Mkenya mmoja walishtakiwa katika kesi nyingine, nao wakiwa na malkia wapatao 400. Wote wanne walikiri. Tarehe 7 Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA iliwatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilisema kesi hiyo ilionyesha jinsi magendo yalivyohama kutoka kwa wanyama wakubwa maarufu hadi kwa viumbe wasiojulikana sana.

Vijana wale wa Ubelgiji walisema hawakujua kwamba ni kosa. Mtu anaweza kuamini au asiamini. Lakini mtoto wa gredi ya sita aliye na viatu vilivyoshonwa mara mbili, huyo kweli hajui. Na kijana wa bodaboda hamwambii kwamba sheria ya wanyamapori ya 2013 inamhusu mdudu pia, si tembo peke yake, wala kwamba tofauti kati ya pesa ya viatu na pauni 170 inabaki kwa watu ambao hawatawahi kukanyaga njia ya leleshwa.

Jioni hiyo shosho hakutoa hotuba. Aliuliza tu swali la mama mwenye kuku: "Kama ananunua wote, mwaka ujao watatoka wapi?"

Mtoto hakujibu. Aliuliza yeye pia: je, malkia atakufa usiku huo?

Asingekufa, kama wangemwacha atulie. Kumtunza malkia aliyeokotwa ni kazi rahisi kwa mikono na ngumu kwa moyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ni kutofanya kitu. Wafugaji wanaofuata sheria katika nchi zao hutumia kichupa chembamba. Maji huwekwa chini, pamba hushindiliwa juu ya maji ili iwe na unyevu bila kuvuja, malkia hukaa katikati, na mdomo huzibwa kwa pamba nyingine inayopitisha hewa. Kisha giza. Kichupa hufunikwa kwa kitambaa au karatasi na kuwekwa mahali pasipotikisika, penye joto la wastani. Gilgil iko juu, takriban mita 2,000, na usiku wake ni wa blanketi mbili, kwa hiyo dirishani si mahali pake. Chakula hapewi, maana hahitaji mpaka watoto watoke. Asali na makombo ya ugali anayowekewa na mtoto mwenye huruma huota ukungu, na ukungu ndio unaoua. Jambo linaloua zaidi ni hamu ya kuchungulia. Malkia anayefunuliwa kila saa huona hatari, na malkia anayeona hatari hula mayai yake.

Chupa ya siagi ya njugu haikuwa na lolote kati ya hayo. Ilikuwa na mwanga pande zote, jua la dirishani, na mabaki ya mafuta ambayo miguu ya mdudu ilikuwa ikinasa. Shosho aliipangusa, akaweka ndani udongo mbichi kiasi cha kiganja, akaifunika kwa kitenge chake cha zamani na kuisukuma chini ya kitanda. Usiku mmoja tu, alisema. Mtoto aliruhusiwa kuchora. Alichora kiuno, kiwiko cha papasi, kifua kilichotuna na makovu manne, na pembeni akachora mfanyakazi mwenye kichwa kikubwa ili mtu mwingine asidanganyike.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa bonde wanapaswa kulijua kabla ya kusema kwamba chungu ni chungu tu. Kaskazini mwa Gilgil, ng'ambo ya milima, iko Laikipia. Huko miti ya miiba hukaliwa na chungu wadogo wanaoilinda. Tembo akivunja tawi, wanamwingia puani, na anauacha mti. Kisha chungu wageni wenye vichwa vikubwa, wasio wa asili ya huko, wakaingia na kuwaua walinzi hao. Tembo wakaivunja miti. Nyanda zikawa wazi. Simba, ambao hutegemea vichaka kumnyemelea punda milia, wakaanza kumkosa, na wakageukia nyati. Wanasayansi walichapisha matokeo hayo Januari 2024 baada ya kazi ya miaka mingi Ol Pejeta. Chungu mmoja aliyehamishwa alifika hadi kwenye meza ya simba.

Kwa hiyo safari ya vichupa vya Naivasha ingekuwa na hasara mbili. Kule vinakokwenda, mdudu mgeni anaweza kutoroka, na chungu wageni wamekwisha kuleta hasara katika nchi nyingi. Huku vinakotoka, nyasi hupungukiwa na wapandaji wake. Mbegu ambazo wavunaji huziangusha njiani au kuzitupa nje huota pembeni mwa kile kiduara kitupu, na udongo waliouchimba hunyonya maji ya mvua. Usiku muhanga huja kuchimba. Mfugaji wa ng'ombe wa Elementaita hana haja ya kuwapenda chungu. Ng'ombe wake wanakula walichopanda.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imekatika na ardhi ilikuwa laini. Mtoto alibeba chupa. Shosho alibeba jembe, kwa mazoea tu, halikuwa na kazi. Hawakwenda kwenye kile kiota cha nyuma ya tangi, maana malkia mgeni akiwekwa mlangoni pa kiota kingine huuawa na wenye nyumba. Walivuka hadi pale mtoto alipomwokota, karibu na kichaka cha leleshwa kisicholimwa, wakalaza chupa ubavu.

Alichelewa kutoka. Alipotoka alizunguka mara mbili, akakataa mahali pa kwanza, akakataa pa pili, kisha akaanza kuchimba chini ya jiwe dogo, akirusha punje za udongo nyuma yake. Ilimchukua muda mrefu kuliko uji unavyochukua kuiva. Shimo lilipofikia kina cha mwili wake, mwili ukazama, na baadaye kidogo udongo ukasukumwa kutoka ndani na mlango ukafungwa.

Mtoto aliweka kijiti hapo.

Kijana wa bodaboda alipita Jumamosi. Shosho alimkaribisha chai, akamwuliza habari za mamake, ambaye anamfahamu kutoka kanisani, na alipomaliza kikombe akamwonyesha gazeti la faini ya milioni moja alilokuwa amelihifadhi chini ya godoro. Kijana alisoma mpaka mwisho. Hakurudi mwezi huo. Viatu vilinunuliwa mwezi wa tano, kwa pesa ya viazi, vikubwa kidogo ili vimfikishe mwakani.

Katikati ya Mei kijiti bado kilikuwa kimesimama, kimeegemea upande. Pembeni mwake, ambapo hapakuwa na kitu, palikuwa na tundu lisilozidi unene wa kalamu, na mbele yake chungu watatu wadogo sana walikuwa wakiivuta mbegu moja ya nyasi ambayo haikutaka kuingia.